Jirani Asiyeweka Kitu Mahali Pamoja

Nimejaribu mara nyingi kumweleza mume wangu jirani yetu wa Kemambo alikuwa mtu wa namna gani, na kila nikimaliza naona kama nimeeleza watu wawili ambao hawajawahi kukutana. Mume wangu husikiliza mpaka mwisho, halafu huuliza, "Sasa alikuwa mchoyo au alikuwa mkarimu?" Namwambia alikuwa mchoyo. Kisha nakumbuka mwaka wa viwavi, nasema hapana, alikuwa mkarimu. Kisha nakumbuka habari ya chumvi, narudi mwanzo.

Nyumbani tulimwita Jirani tu, kana kwamba hatukuwa na majirani wengine. Kati ya mji wetu, yaani boma letu, na wake palikuwa na uzio wa minyaa wenye pengo la kupita mtu mmoja, na pengo hilo lilikuwa limepitwa sana mpaka ardhi yake ikawa ngumu kama sakafu. Alikuwa mjane, mrefu, mwembamba, mwenye kutembea haraka huku ameinama mbele kidogo, kama anayepanda mlima hata akiwa tambarare. Alikuwa mkulima kama sisi wote. Ila hakulima kama sisi.

Baba yangu alikuwa na shamba moja kubwa nyuma ya nyumba, mahindi matupu, mistari imenyooka. Ilikuwa fahari yake kusimama mwisho wa mstari na kumwonyesha mgeni jinsi unavyoona mpaka upande wa pili. Jirani alikuwa na vipande. Kimoja kilikuwa mlimani, huko alichanganya mahindi na maharage. Kingine kilikuwa bondeni karibu na kijito, cha viazi vitamu na mboga. Cha muhogo kilikuwa kwenye kokoto ambako hakuna mtu mwingine aliyehangaika kulima. Na kimoja, ambacho nitakieleza, kilikuwa mbali kabisa, wilaya ya Serengeti, upande alikotoka kabla ya kuolewa. Kila kipande kilikuwa na kazi yake kwa wakati wake, na ndiyo maana hakuna aliyejua kwa hakika yuko wapi siku fulani. Ukimtafuta mlimani unaambiwa yuko bondeni. Ukishuka bondeni unakuta nyayo.

Mvua za kwanza zikinyesha kijiji kizima kilitoka na majembe. Yeye alipanda kona moja, akarudi nyumbani, akakaa kuchambua maharage. Baba alimwita kutoka upande wetu.

"Shemeji, mvua hiyo inapita."

"Acha ipite," akajibu. "Nimemtuma mtoto mmoja aisalimie. Akikaribishwa vizuri nitapeleka na wengine."

Kuna miaka mvua ya kwanza ilikuwa ya uongo, mahindi yetu yakachomoza na kukauka, na yeye akapanda baada ya hapo akavuna. Kuna miaka pia mvua ya kwanza ndiyo iliyokuwa ya kweli, baba akavuna mpaka magunia yakakosa pa kukaa, na mahindi ya Jirani yakabaki mafupi kama nyasi za kufagilia. Miaka hiyo baba hakuweza kujizuia kupita kwenye pengo la uzio kumpa pole. Yeye alipokea ile pole bila kuona haya. "Sikulima nipate kuliko wewe," alimwambia mara moja. "Nimelima nisikose." Baba alirudi akiyarudia maneno hayo kama mzaha, lakini usiku wakati wa chakula nilimwona ameshika tonge bila kulitia mdomoni.

Habari ya chumvi ni hii. Ule mwaka viwavijeshi walipoingia kwenye mahindi, baba alinyunyiza dawa mpaka ikaisha, akanunua nyingine ikaisha, na ile mistari yake iliyonyooka ikabaki mabua yenye matundu. Mama alikuwa na mboga jikoni na hana chumvi. Akapita kwenye pengo kwenda kuomba. Alimkuta Jirani amekaa mlangoni, na kikopo cha chumvi kinaonekana nyuma yake, kimejaa.

"Chumvi iko dukani," Jirani akasema. "Nenda ukanunue."

Mama alirudi amekasirika. Alisema hata mbwa hujibiwa vizuri kuliko vile. Tukala mboga bila chumvi, na baba akaapa kwamba pengo lile litazibwa kwa miiba. Haikupita wiki, asubuhi, Jirani akapita kwenye pengo hilohilo amejitwika gunia la udaga, muhogo wake mkavu wa kule kwenye kokoto, tayari kwa kusagwa. Akalitua mlangoni kwetu.

"Hii haiko dukani," akamwambia mama.

Akaendelea kutuletea udaga mpaka tulipovuna tena. Hakuuliza tutarudisha lini. Ila mwaka uliofuata, mama alipompelekea debe la mahindi mapya kwa shukrani, alilipokea, akaingiza mkono mpaka chini, akatoa punje chache akaziangalia kwenye mwanga, akasema, "Mengine yamevunjika." Mama alirudi hajui acheke au alie. Kwa hiyo mume wangu anaponiuliza kama alikuwa mchoyo, mimi nitasema nini?

Mifugo yake ilikuwa hivyohivyo. Zizi la nyumbani kwake lilikuwa na mbuzi wawili watatu wa kuonyesha tu. Wengine walikaa kwa watu. Kwetu Tarime wizi wa ng'ombe si hadithi, kila mji una siku yake ya kukumbuka, na yeye alikuwa na msemo: "Ng'ombe wakilala zizi moja, mwizi anakuja mara moja." Akaweka ndama kwa rafiki huku, mtamba kwa ndugu kule, mbuzi kwa mama fulani aliyekutana naye kanisani. Anayetunza anakunywa maziwa na kutumia samadi, na mara nyingine anapewa ndama. Nasikia zamani wazee wengi walifanya hivyo, lakini kwa umri wetu sisi yeye peke yake ndiye tuliyemwona akifanya kwa bidii kiasi hicho.

Mmoja wa ng'ombe hao alikuwa kwetu, mwekundu mwenye baka jeupe tumboni. Sisi ndio tuliokamua. Na Jirani, ambaye kwake hakukuwa na maziwa, alikuja asubuhi na kikombe kuomba maziwa ya chai. Maziwa ya ng'ombe wake. Mama akimjazia, alishika kikombe kwa mikono miwili na kusema asante sana, Mungu awaongezee, kama maskini aliyesaidiwa na matajiri. Nilipokuwa msichana nilimuuliza mama kwa nini asimchukue ng'ombe wake tu akae naye. Mama akasema, "Muulize mwenyewe." Nikamuuliza.

"Nikikaa naye mimi," akaniambia, "nyinyi mtaniangalia kwa sababu gani?"

Sikuelewa wakati ule. Sasa nadhani naelewa nusu.

Hata Mungu alimgawanya. Jumamosi alikwenda kwa Wasabato, amevaa kitambaa cheupe, akaimba. Jumapili alikaa benchi la nyuma kwa Wakatoliki. Na mvua ikichelewa sana, wazee wa mila wakipanda kwenda kuiombea huko wanakokujua wao, alitoa mtama wake wa kupelekwa. Mchungaji wa Wasabato alisikia. Alimfuata nyumbani, nasi tukasogea karibu na uzio kusikiliza, maana tulitegemea Jirani atafukuzwa kanisani.

"Mama, huwezi kuwa huku na huku," mchungaji alisema kwa upole. "Chagua."

"Mchungaji," akamjibu, "mvua ikija inanyesha kwa waumini wako peke yao?"

"Hapana. Inanyesha kwa wote."

"Basi na mimi naiomba kwa wote."

Mchungaji alikunywa uji, akaondoka. Lakini msidhani alikuwa mtu wa kubeza dini. Nilishawahi kumkuta mchana, peke yake kwenye kipande cha mlimani, amepiga magoti katikati ya maharage, analia na kuomba kwa sauti. Niliondoka polepole. Sikujua pale anaomba kwa kanisa gani.

Nilipoolewa Nkende, mjini Tarime, nikafungua duka la pembejeo, akawa mteja wangu. Naweza kusema alikuwa mteja wangu mbaya kuliko wote. Alichukua mbegu za aina tatu, kila moja kidogo, kiasi cha kunifanya nikate mfuko. Na hata hizo hakununua zote kwangu. Moja alinunua kwangu, nyingine duka la jirani, mbele ya macho yangu, tena anarudi kwangu kuomba maji ya kunywa na mfuko wa yule mwenzangu mkononi.

"Mama, mbona hata mimi unanikimbia?" nilimuuliza siku moja.

"Sikukimbii, mwanangu. Ukiugua je? Ukifunga?"

"Sijaugua."

"Ndiyo maana nimekuja."

Kuna habari ya bima pia. Walikuja watu ofisi ya kata kueleza bima ya mazao, kwamba mvua ikikosa mkulima analipwa. Watu walimgeukia Jirani, maana kwa mambo ya kukwepa hasara alikuwa kama mwalimu wetu, ingawa hakuna aliyetaka kukiri. Alisimama, akasema maneno marefu. Alisema mtu akishajua atalipwa, mkono wake unalegea kwenye jembe. Alisema bora muhogo. Watu wakapiga makofi, wengi wakaenda zao bila kujiunga. Kesho yake akaonekana amewafuata wale watu njiani, akajiunga, kwa kipande cha mlimani tu.

Kijiji kilikasirika. Baba, ambaye hakuwa amejiunga kwa sababu ya maneno yake, alivuka uzio.

"Shemeji, ulituambia tusijiunge."

"Niliwaambia nyinyi, ndiyo."

"Na wewe?"

"Mimi sikuwaambia nitakaa bila kujiunga."

Mvua mwaka ule ikanyesha vizuri kabisa, hakuna aliyelipwa, na kuna waliomsikia Jirani akilalamika kwamba imenyesha. Mpaka leo wako watu Kemambo wanaosema alitaka tusijiunge ili alipwe peke yake. Wako wanaosema aliamini kweli maneno yake, kisha akalala nayo, akaogopa. Mimi nilikuwa nikiegemea upande wa kwanza. Siku hizi sijui.

Sasa kile kipande cha Serengeti. Hiki ndicho kilichotushinda wote. Shamba lenyewe lilikuwa katika kijiji kilicho karibu na hifadhi, udongo mweusi mzuri, na kila mtama ulipokaribia kuiva tembo walikuja. Si mwaka mmoja mmoja. Karibu kila mwaka. Mwanamke ambaye hakutaka hata chumvi yake ikae hatarini alipanda basi na mbegu kwenda kupanda chakula cha tembo, akarudi, akaenda tena kupalilia, akarudi, akaenda kuvuna mabua.

Nilipomaliza kidato cha nne mama alinituma nimsindikize. Tulifika asubuhi na kukuta wameshapita. Mtama ulikuwa umelala kama uliopigwa na mtu mwenye hasira, na nyayo zimejaa maji, kubwa kama karai. Majirani zake wa huko walikuwa wamezungushia mashamba yao mizinga ya nyuki iliyoning'inia kwenye waya, tembo akigusa nyuki wanatoka, na mashamba yao yalikuwa yamenusurika kwa sehemu. La kwake halikuwa na kitu. Mwenye shamba la pembeni akaniambia kwa mshangao kwamba mizinga ile Jirani ndiye aliyewasaidia kuitundika, alishinda nao siku nzima kukaza waya.

"Na kwake?" nikauliza.

"Alisema kwake tuache."

Nilimgeukia Jirani. Alikuwa ameinama anaokota masuke yaliyosalia, moja moja, anayapangusa matope kwa khanga yake. Uso wake haukuwa na huzuni niliyoitegemea.

"Mama, kwa nini?" nikamuuliza.

"Udongo huu ni mzuri," akasema.

Baadaye nilikuja kujua kwamba mama yangu aliambiwa kuna kaburi huko, la mtoto wa kwanza wa Jirani. Baba aliambiwa ardhi ikikaa bila kulimwa ndugu wataichukua. Na watoto wa kijijini waliomuuliza aliwaambia tembo nao wana watoto. Yote yanaweza kuwa kweli. Kinachonisumbua ni kwamba kila mmoja wetu alipewa jibu lake, kama vile majibu nayo aliyaweka kwa watu tofauti.

Alikuwa na watoto watatu waliokua. Wawili wa kiume, wakubwa, wenye wake zao, waliokuwa wakihangaika na mawe ya dhahabu kuliko na jembe. Na wa mwisho, Ghati, binti mkimya mwenye kucheka kwa kufunika mdomo. Ghati alipomaliza shule alichaguliwa kwenda chuo cha uuguzi, na ada haikuwepo. Akakaa nyumbani kusubiri.

Mwaka huohuo kila kitu kikakataa kwa pamoja. Mvua ilikosa, mlima ukakauka. Kijito kikawa madimbwi, viazi vikabaki nyuzi. Muhogo wa kwenye kokoto, ambao sisi wote tulidhani haufi, uliingiwa na ugonjwa, ukang'olewa umeoza ndani, una mistari ya kahawia. Serengeti tembo walikula kama kawaida. Bima alikuwa ameacha kuilipia. Nilikwenda Kemambo wakati huo kumwona mama, nikamkuta Jirani amekaa mlangoni bila kufanya kazi yoyote. Sikuwahi kumwona hivyo. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, viganja juu. Nikamsalimia, "Shikamoo mama." Aliitikia marahaba baada ya muda, kama aliyekuwa mbali.

Ndipo akaja mtu wa upande wa Sirari, mwenye malori, aliyemwona Ghati mnadani. Alikuwa tayari kutoa ng'ombe wengi, na wazuri. Watoto wa kiume walifurahi. Siku ya mazungumzo mama yangu aliitwa kusaidia kupika, kwa hiyo yaliyosemwa nayajua kutoka kwake.

"Mama," mkubwa alisema, "ng'ombe wamekuja wenyewe mlangoni mwaka kama huu. Unataka nini tena? Wewe ndiye uliyetufundisha kujilinda."

Mdogo akaongeza, "Vipande vyote vimekufa. Kimebaki hiki."

Alisema hivyo, "hiki", na Ghati yuko pale anamimina chai. Jirani akamtazama binti yake.

"Ghati, unamtaka huyu mtu?"

"Simjui, mama."

"Unataka nini?"

Ghati alitazama birika. "Chuo," akasema.

Jirani akawaambia wageni wanywe chai. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, nao wakaondoka wakiamini wamekubaliwa. Mama yangu pia aliamini hivyo. Kwa hesabu zote za maisha yake, ilikuwa hivyo.

Asubuhi yake, nikiwa kwa mama tena, Jirani alichukua fimbo akaondoka. Alianzia miji ya mbali. Sisi tulianza kuona vumbi kabla ya mchana, kisha mbuzi, kisha ng'ombe, na Jirani nyuma yao na wachungaji aliowaomba njiani. Alikuwa akipita mji kwa mji anachukua wanyama wake, na kila alipotoka mji mmoja kundi liliongezeka. Watu walitoka wakasimama kando ya barabara. Hakuna aliyewahi kuwaona pamoja. Sisi tuliokuwa tukimjazia kikombe cha maziwa kwa huruma tulisimama pale tukitazama utajiri ukipita. Waliojaribu kuwahesabu hawakukubaliana mpaka leo. Mke wa mtoto wake mkubwa alikaa chini.

Alipofika kwetu akamchukua yule mwekundu mwenye baka. Mama alimpapasa shingo, akamwachia. Baba alimfuata Jirani mpaka barabarani.

"Shemeji, unauza wote?"

"Wote."

"Bakiza hata mmoja. Wewe ndiye unayesema hivyo siku zote. Bakiza mmoja."

Nilikuwa karibu, nikaona uso wake. Ulikuwa umelowa jasho na midomo imekauka.

"Nikibakiza mmoja," alisema, "nitarudi nao wote."

Akawaswaga mpaka mnadani. Jioni alirudi na fimbo yake tu. Wiki iliyofuata akampeleka Ghati chuoni, akalipa ada ya miaka yote kwa mara moja, yeye ambaye hakuwahi kupanda shamba zima kwa mvua moja. Wanawe waliacha kumsalimia. Yule mtu wa Sirari alioa kwingine, na nasikia anaishi vizuri na mke wake.

Ningependa kusema kwamba Ghati sasa ni muuguzi. Watu huwa wananisubiri niseme hivyo. Ghati alishindwa mitihani, akarudia, akashindwa tena, chuo kikamwondoa. Hakuwa mvivu. Alisema akiona damu kichwa kinakuwa cheupe, kila alichosoma kinaondoka. Alirudi Kemambo na sanduku lake, na kijiji kikakaa tayari kusikia ugomvi. Huyu mama alikuwa amewahi kugombana na mke wa mtoto wake msimu mzima kwa ajili ya ungo ulioazimwa ukarudi umetoboka. Sasa ng'ombe wote wale walikuwa wamerudi wakiwa sanduku moja.

Mama yangu alikuwa kwenye pengo la uzio Ghati alipoingia. Anasema Jirani alimtazama binti yake juu mpaka chini, akamuuliza, "Umekula?" Ghati akasema hapana. Akampikia. Kesho yake wakaenda pamoja kupanda viazi. Hakuna aliyesikia neno lingine.

Wanawe ndio waliosema. Walikuja wakagawana vipande. Walisema ng'ombe wameshakwenda kwa binti, basi ardhi ni ya wanaume. Sote tulimwambia aende baraza la kata, tungekuwa mashahidi. Yeye aliyegombea ungo hakugombea ardhi. Alifunga mizigo, wakahama na Ghati kwenda Serengeti. Pengo la uzio likaanza kuota majani.

Mwaka jana nilikwenda Mugumu, mji mkuu wa wilaya ya Serengeti, kupeleka mbegu kwa mteja, nikaulizia mpaka nikawapata mtaani Morotonga. Wamepanga vyumba viwili. Ghati anauza chai na maandazi asubuhi karibu na stendi, na mchana wanalima shamba la kukodi, maana kile kipande cha tembo kiko mbali na mjini. Alinipokea kwa furaha, akacheka bila kufunika mdomo. Amenenepa. Ana mchumba, fundi pikipiki, ambaye Jirani anasema hampendi na ambaye, nilivyoona, ndiye anayepewa kipande kikubwa cha samaki.

Jirani amezeeka. Jicho moja lina ukungu na anageuza kichwa chote akitaka kukuona. Tulikaa uani. Ulezi ulikuwa umeanikwa kwenye turubai, na yeye alikuwa na fimbo ndefu ya kufukuzia kuku. Niliuliza habari za afya, akauliza habari za mama na baba, na duka, na kama yule mwenzangu wa duka la pili bado yupo. Nilisema yupo. Akasema vizuri.

Nilikuwa nimejiambia sitamuuliza. Lakini Ghati alipoingia ndani kuchukua vikombe, maneno yalitoka.

"Mama, ile siku ya ng'ombe. Kwa nini uliwatoa wote? Hata mmoja hukubakiza. Wewe."

Nilidhani atanitafutia jibu langu kama alivyowatafutia wengine. Kuku alisogea, akamfukuza.

"Nilikuwa nimechoka kuogopa," akasema.

Akailaza fimbo magotini.

"Maisha yangu yote, mwanangu. Huku naogopa jua, huku naogopa mwizi, huku naogopa mdudu. Nikawaangalia wale wanangu wanamwangalia mtoto kama gunia la akiba, na ni mimi niliyewafundisha. Siku ile sikuogopa." Aligeuza kichwa ili anione vizuri kwa jicho lake zima. "Siku ile moja tu. Nilipofika nyumbani sikulala. Tangu hapo naogopa kuliko zamani."

"Unajuta?"

"Sijui. Wewe unaonaje?"

Ghati alikuwa amesimama mlangoni na vikombe mikononi, na sikujua amesimama hapo tangu lini. Jirani aliinua uso, akanusa hewa.

"Anueni ulezi," akasema. "Mvua inakuja."

Nilitazama juu. Hakukuwa na wingu hata moja, jua lilikuwa linachoma mpaka mabati yanalia. Nikamtazama Ghati, nikidhani atacheka, au atamwambia mama yake mvua haipo. Ghati aliweka vikombe chini kwenye kivuli, akaja akashika ncha mbili za turubai.

"Shika huko dada," akaniambia.

Nikashika. Jirani alitembea mbele yetu ameinama, akitufungulia mlango, na tukaubeba ule ulezi kuuingiza ndani.